Wana wa Kiungani: watoto wa jahazi waliolibeba Kanisa mpaka Ruvuma

Mwaka 1864 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alimkabidhi Askofu William Tozer wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hawakuwa na mzazi wala ndugu mjini. Tozer mwenyewe alikuwa mgeni, ameshuka Unguja mwaka huohuo pamoja na msaidizi wake, Edward Steere, na alikuwa na sababu nzito ya kuwapokea watoto hao kwa mikono miwili.

Misheni yake, UMCA, iliundwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Safari ya kwanza ya misheni ilielekea bonde la mto Shire na ikaishia makaburini. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mapema mwaka 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata. Tozer aliitazama hesabu hiyo ya vifo akakata shauri: injili haitapelekwa bara na Wazungu wanaokufa kabla hawajajifunza lugha. Itapelekwa na Waafrika wenyewe, wakishafundishwa Unguja. Wengi Uingereza walimlaumu wakisema amekimbia kazi. Lakini uamuzi wake ndio ulioleta Kiungani.

Kiungani ilikuwa kusini ya mji, upande wa bahari, kwenye njia ya Mbweni. Hapo kilijengwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, na kadiri manowari za Waingereza zilivyokamata majahazi ndivyo chuo kilivyojaa. Kulikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi. Baadaye wakaja watoto huru, hasa Wabondei kutoka Magila, karibu na Muheza. Lugha ya kuelewana ikawa Kiswahili. Kengele ya sala ililia alfajiri, yakafuata masomo na kazi za mikono. Katika chumba cha kupigia chapa, wavulana walipanga herufi za risasi moja moja kutengeneza kurasa ambazo Steere alikuwa akizitafsiri. Agano Jipya la Kiswahili lililotoka mwaka 1879 lina jasho lao, ingawa jalada halikuwataja. Jioni walicheza mpira wa miguu, na wanahistoria wa michezo wanaitaja Kiungani kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza mchezo huo ulipochezwa Unguja.

Kitabu kimoja kinatufikisha karibu na vijana hao kuliko ripoti zote za maaskofu. Mwaka 1887, mwalimu wao A.C. Madan, ambaye baadaye alisifika kwa kamusi zake za Kiswahili, alichapisha London mkusanyo wa maisha yao kama walivyoyaandika wenyewe. Wanasimulia walivyotekwa, walivyouzwa mara hii na mara ile, njaa ya njiani na safari ya baharini. Wanaandika kwa maneno machache, bila kujionea huruma. Anayetaka kujua mapadre wa kwanza wa nchi hii walitoka wapi aanzie hapo.

Katika wale watano wa mwanzo alikuwemo John Swedi. Mwaka 1870 Tozer alimfanya shemasi mdogo pamoja na mwenzake George Farajallah, aliyefariki muda si mrefu baadaye. Swedi aliendelea na kazi. Mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, alipotoka Lindi na zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani ili awarudishe bara, msafara uliishia Masasi, na kijiji walichokianzisha kikawa mama wa makanisa ya kusini. Swedi alitumwa huko. Mwaka 1879 Steere alimpa ushemasi kamili, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni hiyo.

Shemasi wa Kianglikana huhubiri, hubatiza na huzika, lakini hawezi kuweka wakfu mkate na divai ya Ushirika Mtakatifu. Kazi hiyo ni ya kasisi. Swedi alibaki shemasi, hakuendelea mpaka ukasisi. Mtu aliyepokelewa akiwa mtoto, aliyekuwepo tangu siku ya kwanza na kulea waumini wa Masasi, bado ilimlazimu asubiri padre mgeni ndipo watu wake wapate Komunyo. Mimi naliona jambo hilo kuwa ufunguo wa historia yote ya wana wa Kiungani. Kazi walipewa bila kipimo. Madaraka walipimiwa kwa kibaba.

Si wote waliovaa kanzu. Dallington Maftaa alisoma kwa UMCA akaingia katika msafara wa Henry Morton Stanley, na mwaka 1875 Stanley alipoondoka Buganda alimwacha kijana huyo kwenye jumba la Kabaka Mutesa amsomee Maandiko na kumwandikia barua. Wamisionari wa CMS, shirika lingine la Kianglikana, walifika Buganda mwaka 1877. Kwa miaka miwili, basi, mwalimu wa Ukristo katika ikulu ya Mutesa alikuwa kijana aliyesomea Unguja, akifundisha kwa Kiswahili. Historia za Kanisa la Uganda humpitia kwa mstari mmoja. Anastahili sura nzima.

Lakini jina kubwa kuliko yote ni Cecil Majaliwa. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa angali mdogo, akalelewa Kiungani, kisha akapelekwa Chuo cha Mtakatifu Augustino kule Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kutumwa Chitangali, katika nchi ya Wayao upande wa Newala, kwa chifu Barnaba Nakaam. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa ukasisi Unguja, padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA.

Kuna jambo ambalo vitabu hulisema haraka mno. Majaliwa alikuwa Myao aliyerudi kwa Wayao, lakini hakurudi nyumbani. Alikuwa amekulia mjini, Kiswahili ndiyo lugha yake ya kila siku, amezoea nyumba za mawe na vitabu, na mkewe Lucy vilevile ni mtu wa Unguja. Chitangali walikuta nyumba za udongo, simba na njaa ya kiangazi, na wenyeji ambao hawakuwa na sababu ya kumsikiliza mtu asiye na ukoo pale. Mtumwa wa zamani katika jamii ya namna hiyo ni mtu asiye na wa kumsemea. Hata hivyo alikaa miaka 11. Alifundisha shule, alikwenda kwa miguu vijijini, akaamua ugomvi na kuandaa walimu, na waumini wakaongezeka mpaka Chitangali ikawa mfano uliotajwa katika misheni nzima. Wazungu walikuja kukagua tu. Mtaa ulikuwa wake.

Alikutana pia na swali la jando na unyago. Kijana aliyebatizwa naye alitaka kuitwa mwanamume mbele ya rika lake, na binti vivyo hivyo. Padre akikataza, anawatenga watoto na wazazi wao. Akiruhusu, askofu atauliza. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, ndiye husifiwa kwa kuanzisha jando la Kikristo. Sifa hiyo si yake peke yake, wala si yake kwanza. Mapadre na walimu Waafrika waliishi na swali hilo kwa miaka mingi, na wengine, kama Padre Kolumba Msigala, walijua kwa undani kipi katika mila kingeweza kubatizwa na kipi kingeachwa. Lucas aliukuta mlango umekwisha kusukumwa.

Mwaka 1897 Majaliwa alirudi Unguja. Alitaka watoto wake wapate elimu aliyoipata yeye, nayo Chitangali haikuwepo. Wapo waandishi waliolipokea hilo kama udhaifu. Mimi siwaelewi. Wamisionari wa Kizungu walirudi kwao kupumzika na kutibiwa bila mtu kuwauliza. Majaliwa alikaa miaka 11 bila desturi ya namna hiyo iliyowekwa kwa ajili yake, na anapowafikiria wanawe anahesabiwa kupungukiwa na imani.

Wake zao nao walikuwa watenda kazi. Mbweni, mwendo mfupi kutoka Kiungani, misheni ilikuwa na makazi ya waliokombolewa na shule ya wasichana iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Wasichana wa Mbweni walisomea ualimu, na wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, wakaenda nao bara. Huko walifundisha wanawake kusoma na kuandaa wasichana kwa ubatizo, na bado waliendesha nyumba ambazo mgeni alibisha hodi kila siku. Kumbukumbu zimewaandika kama mke wa padre fulani, mke wa mwalimu fulani. Magofu ya shule ya Mbweni yapo hadi leo, na watalii hupigwa picha hapo.

Wengine walishika kalamu. Tangu mwaka 1888 Kiungani ilitoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lililobeba habari zilizoandikwa na walimu Waafrika kutoka vituo vya mbali: nani amebatizwa, wapi mvua imekosa, nani amefiwa. Ilikuwa njia ya wanafunzi wa zamani kuendelea kujuana. Magila nako kulitoka Habari za Mwezi, na mhariri wake alikuwa Mbondei, Samuel Sehoza, aliyekuwa padre pia. Yohanna Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani na kupata ukasisi mwaka 1898, alifanya kazi Unangu, ndani ya Msumbiji ya leo, na huko aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao. Ilichapwa Zomba mwaka 1919, na hakuna anayeandika juu ya Wayao hata sasa bila kuifungua.

Mtihani wao mkubwa ulikuja mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani waliwatia kizuizini wamisionari Waingereza. Ghafla Kanisa zima, kuanzia Bonde, nchi ya Wabondei, mpaka Ruvuma, likabaki mikononi mwa mapadre, mashemasi na walimu Waafrika. Hao nao hawakusalimika. Walimu wengi wa UMCA walikamatwa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakafungwa na kutumikishwa, wengine wakipelekwa hadi Tabora. Wapo waliokufa humohumo. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani na kufundisha hapohapo, alikuwa miongoni mwa waliofungwa, na aliyaeleza mateso hayo katika maisha yake yaliyochapishwa mwaka 1936. Kusini, akina Kolumba Msigala walilinda mitaa huku majeshi yakipita na kukomba chakula, mpaka kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipovuka Ruvuma mwezi Novemba 1917. Wamisionari waliporudi walikuta ibada zinaendelea. Kanisa lililohofiwa kuwa lisingeweza kusimama bila Wazungu lilikuwa limesimama vitani, bila mishahara na bila askofu.

Ungedhani baada ya hapo maaskofu Waafrika wangefuata. Hawakufuata. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika alikuwa Yohana Omari, mwaka 1955, tena akiwa askofu msaidizi wa Tanganyika ya Kati, upande wa CMS. Tangu Majaliwa awekewe mikono ilikuwa imepita miaka 65. Siwezi kuamini kwamba katika miaka hiyo yote, kutoka chuo kilichotoa watu wa namna hii, hakupatikana hata mmoja anayefaa.

Vipaji vilivyokosa nafasi kanisani vilitafuta pengine. Kayamba aliunda Tanga, mwaka 1922, chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kikiwa na Wakristo na Waislamu pamoja, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Cecil Matola, mtoto wa shule za misheni hiyohiyo, aliongoza African Association ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA, na mwaka 1954 TANU. Mizizi ya siasa ya nchi hii inapita Kiungani pia, na wanafunzi wetu hawaambiwi.

Chuo chenyewe kilihamishwa mwaka 1925 kwenda Minaki, Kisarawe, kikichukua jina lake la Mtakatifu Andrea. Karatasi nyingi za UMCA ziko Oxford, na nyingine zimehifadhiwa katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Kwa hiyo mjukuu wa katekista wa Newala anayetaka kusoma barua ya babu yake huenda akahitaji viza.

Bado zipo karatasi ambazo hazijafika popote: daftari za ubatizo kwenye makabati ya mitaa ya zamani, barua ndani ya masanduku ya bati, picha za mapadre wenye kanzu na vilemba zilizotundikwa ukumbini na kuliwa na mchwa. Kama nyumbani kwenu, Masasi, Newala, Tunduru, Muheza au Unguja, kuna kitu cha namna hiyo, msikichome wala msikigawe kwa mtu mmoja aondoke nacho. Pigeni picha kila ukurasa, andikeni majina ya waliomo wazee wangali hai, kisha mpeleke nakala dayosisi na Kilimani. Na mkimkuta bibi anayemkumbuka mama yake akifundisha wasichana kusoma kwenye baraza ya nyumba ya padre, muulizeni jina la mama huyo, mliandike kwanza.