Cheo cha Hati na Cheo cha Mvua

Cheo kina wazazi wawili: mwenye kukitoa na wenye kukikubali. Mmoja akikosekana, jina hubaki lakini heshima huondoka. Jambo hili ladhihirika katika historia ya utemi wa Singida, nchi ambayo Waingereza waliipima kwa kipimo cha kwao.

Uingereza, mfalme ndiye chemchemi ya heshima. Hutoa cheo kwa hati yenye muhuri, na madaraja ya mabwana ni matano: duki, markwisi, eli, vaikaunti na baroni. Sheria ya mwaka 1539, zama za Henry VIII, ilipanga nani aketi mbele ya nani Bungeni. Wawili wa daraja moja wakikutana, aghalabu hutangulia yule ambaye cheo chake kilitangulia kutolewa. Urithi kwa kawaida humwendea mwana wa kiume wa kwanza.

Watu waliolelewa katika mpango huo walipoitawala Tanganyika walitazamia kukuta mkubwa katika kila kabila. Chini ya Gavana Donald Cameron ikatoka Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, na kila nchi ikatakiwa kuwa na mtu wa kukabidhiwa amri. Walakini Wanyaturu hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima. Wazee wa koo ndio walioamua mashauri, na wingi wa ng'ombe ulimpa mtu sauti mbele ya wenziwe. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwawekea wakubwa; Waingereza wakaendeleza kazi hiyo. Cheo kikazaliwa, na mzazi wake ni Serikali.

Mambo yalikuwa mengine kwa Waihanzu, katika Wilaya ya sasa ya Mkalama. Huko ukoo wa Anyampanda, wenye makao yake Kirumi, ulikuwa na utemi kwa sababu ulishika mvua. Urithi ulifuata upande wa mama, na tambiko halikutimia kwa mwanamume peke yake: mtawala mwanamume na mtawala mwanamke walihitajiana. Uingereza, mwanamke mwenye cheo cha urithi hakuruhusiwa kuketi katika Baraza la Mabwana mpaka sheria ya mwaka 1963.

Mwaka huo huo wa 1963 Jamhuri changa ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya watemi. Ilikuwa na hoja: raia hawawezi kuwa sawa ikiwa baadhi yao huzaliwa na amri mkononi. Kilichotolewa kwa sheria kikaondolewa kwa sheria. Amri, baraza na mshahara vikakoma. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 matambiko ya mvua yalikuwa yakifanywa bado Kirumi, na wazawa wa Anyampanda ndio waliotazamwa mawingu yalipochelewa. Serikali haikuweza kuwavua kazi hiyo, kwa maana si yeye aliyewavika. Waliowavika ni wakulima wenye mashamba makavu.