Kutoka Afisa wa Mfalme hadi Ayari: Historia ya Neno "Cheat"

Wahakiki wa tamthilia za Shakespeare aghalabu hulipita neno cheat kana kwamba maana yake ni kudanganya tu. Ilhali neno hili halikuzaliwa katika uwongo. Lilizaliwa katika sheria ya ardhi. Asili yake ni escheat, istilahi iliyotokana na Kifaransa cha kale, na kabla ya hapo kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuanguka. Mtu aliyemiliki ardhi chini ya bwana wake akifa bila mrithi, ardhi "ilimwangukia" bwana huyo. Kwa upande wa Mfalme, kazi ya kuichunguza na kuitwaa ilikuwa ya afisa aliyeitwa escheator. Kwa Waswahili wa mwambao, wanaojua kuwa mali isiyo na mrithi huelekea Baitulmali, utaratibu huo si mgeni.

Lililoliharibu neno ni watekelezaji wake. Afisa mwenye uwezo wa kutangaza kwamba marehemu hakuacha mrithi ana uwezo pia wa kutomwona mrithi aliyepo.

Baadaye wezi walilichukua. Kijitabu cha 1552 kuhusu hila za dadu, A Manifest Detection of Dice-Play, ambacho huhusishwa na Gilbert Walker, chaeleza kwamba ayari hao waliliazima neno kwa wanasheria, na ujanja wao wenyewe wakauita "sheria". Kejeli hiyo ni kali kuliko inavyodhaniwa: mwizi hasemi kwamba anavunja sheria, bali kwamba anaiga. Katika orodha ya simo za wazururaji aliyoichapisha Thomas Harman miaka ya 1560, neno limekwisha kupanuka hata likamaanisha kitu chochote kile. Nguruwe ni cheat ikoromayo. Mti wa kunyongea nao una jina hilo hilo.

Ni katika muktadha huu ndipo Falstaff wa The Merry Wives of Windsor, tamthilia iliyochapwa mara ya kwanza 1602, anapopanga kuwatongoza wake wawili wanaoshika mifuko ya waume zao. Anajifanya mkusanyaji wa mapato, na wanawake hao anawafanya hazina. Mzaha wake hausimami isipokuwa hadhira inamsikia ayari na afisa kwa pamoja katika neno moja.

Tamthilia hiyo iliigizwa kwa Kiswahili na waigizaji wa Kenya katika ukumbi wa Globe, London, mwaka 2012, kwa jina Wanawake wa Heri wa Winsa. Mtafsiri yeyote wa mzaha huo hukutana na pengo. Danganya hubaki katika maneno matupu na haligusi mali. Punja liko karibu zaidi, kwa kuwa anayepunjwa ana fungu lake lililopunguzwa. Lakini punja ni la sokoni, la mizani na pishi. Dhulumu ndilo linalomfikia mtawala, ila halichekeshi, na Falstaff asiyechekesha si Falstaff. Yamkini suluhisho limo katika kitenzi kula, ambacho Kiswahili hukitumia bila taabu kwa mlaji wa wali na kwa mlaji wa mali ya yatima.