Fouga moja juu ya Katanga

Vijana wetu wanacheza kwenye kompyuta michezo ya jeti za zamani: Sabre na MiG-15 zikipigana juu ya Korea. Wachache wanajua kwamba Sabre ziliruka hata hapa Kongo.

Katanga ilijitenga Julai 1960. Mwaka 1961 Tshombe alipata Fouga Magister 3 zilizotengenezwa Ufaransa, jeti ndogo za kufundishia marubani. Septemba ilibaki moja tu inayoruka. Ikatosha! Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita hata moja huko, basi Fouga ikapiga ilivyotaka. Kule Jadotville, leo Likasi, askari wa Ireland wapatao 155 walizingirwa mpaka maji yakawaishia, wakajisalimisha tarehe 17. Usiku uleule ndege ya Dag Hammarskjöld, iliyopita njia ya mzunguko kwa kuogopa kushambuliwa, ilianguka karibu na Ndola. Chanzo kinabishaniwa hadi leo.

Oktoba zikaja Sabre za Ethiopia, Canberra za India na J 29 za Sweden, nene kama pipa. Mwisho wa 1962 jeti za Sweden ziliharibu ndege za Katanga uwanjani Kolwezi. Januari 1963 utengano ukaisha.

Zamu ya Bukavu ilikuwa 1967, Schramme alipoushika mji tangu Agosti hadi Novemba. Hapo zilipiga T-28 za Mobutu, ndege za propela. Raia walikimbia. Wazee mnaokumbuka mlikimbilia wapi, hata mlio kambini, tupigieni simu redioni.