MBAO ZA NABII MUSA KWENYE KUTA ZA SERIKALI



Ndugu zangu katika imani, mwezi Juni 2024 jimbo la Louisiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kubandika Amri Kumi katika kila darasa la shule za umma. Tangu hapo swali limekuwa likirudi: "Sheikh, si jambo la kheri hilo? Maneno ya Mwenyezi Mungu mbele ya watoto, ubaya uko wapi?"

Swali ni zuri, na jibu linahitaji subira. Tuanze na historia, kisha turejee kwenye Qur'an.

Kwanza ieleweke kwamba sisi hatuna ugomvi na Nabii Musa (a.s). Suratul A'raaf, aya ya 145, inatufundisha kwamba Allah alimwandikia katika mbao mawaidha na ufafanuzi wa mambo. Na ukisoma Suratul An'aam kuanzia aya ya 151, utakuta mengi unayoyajua: usimshirikishe Allah, watendee wema wazazi, usiue nafsi bila haki, usiukaribie uchafu. Chanzo ni kimoja.

Sasa tazama yaliyotokea Marekani. Katiba yao, tangu marekebisho ya 1791, inakataza serikali kuweka dini rasmi. Jimbo la Kentucky lilipoamuru Amri Kumi zitundikwe madarasani, kila karatasi iliwekewa chini maandishi madogo yakisema kwamba amri hizi ni msingi wa sheria za nchi za Magharibi. Yaani: msiogope, hii si dini. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu haikukubali. Majaji watano dhidi ya wanne waliifuta sheria ile.

Mwaka 1999, kaunti mbili za Kentucky hiyo hiyo zikatundika Amri Kumi katika majengo ya mahakama. Ziliposhtakiwa, zikaongeza nyaraka nyingine kando yake. Baadaye zikapanga upya: Magna Carta, Tangazo la Uhuru wa Marekani, hata maneno ya wimbo wa taifa, na Amri Kumi katikati ya hayo kama waraka mmoja wa historia. Tarehe 27 Juni 2005 Mahakama ya Juu ikasema nia iliyokuwa nyuma ya maonyesho yale ilikuwa ya kidini. Watano kwa wanne, zikashindwa.

Siku hiyo hiyo, majaji hao hao waliamua kesi ya Texas. Huko, katika viwanja vya Bunge la jimbo, kulikuwa na jiwe la Amri Kumi lililotolewa zawadi na chama cha kijamii mwaka 1961. Jiwe hili likaruhusiwa kubaki, tena watano kwa wanne. Jaji Stephen Breyer, aliyekuwa upande wa walioshinda katika kesi zote mbili, alizingatia kwamba jiwe lile limekaa miaka 40 bila kushtakiwa, na limezungukwa na kumbukumbu nyingine za historia ya Texas.

Umeliona hilo? Lililobaki ni lile lililosomeka zaidi kama historia. Wanaotaka maneno ya Mungu yakae kwenye ukuta wa serikali hulazimika kusimama mbele ya jaji na kusema kwamba pale ukutani maneno hayo si amri ya Mungu hasa, ni kumbukumbu tu. Hata sheria ya Louisiana inataka Amri Kumi ziambatane na maelezo ya nafasi yake katika historia ya elimu ya Marekani. Hiyo ndiyo bei ya ukuta: uambiwe kaa, lakini usiamrishe.

Usidhani jambo hili ni la wengine. Ndani ya ukumbi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, jengo lililofunguliwa 1935, kuta zimechongwa sanamu za watunga sheria 18. Yumo Hammurabi, wamo Nabii Musa na Nabii Sulaiman, yumo Napoleon. Na amechongwa Mtume wetu (s.a.w), ameshika upanga na Qur'an. Mwaka 1997 Waislamu wa huko waliomba sanamu hiyo iondolewe, na mahakama ikakataa, ikisema lengo lilikuwa kumheshimu. Huenda mchongaji alikuwa na nia njema. Lakini tazama heshima yenyewe: Mtume wa Allah amepangwa safu moja na Napoleon, mtunga sheria miongoni mwa watunga sheria. Ukuta wa serikali haujui kusema "Mtume". Unajua kusema "mtu mashuhuri wa zamani" tu.

Basi turejee kwenye Qur'an. Suratul Jumu'a, aya ya 5, inatupigia mfano wa waliobebeshwa Taurati kisha wasiibebe kwa vitendo: wamefanana na punda aliyebeba vitabu. Uzito mgongoni anauhisi, yaliyomo hayajui. Kama mgongo wa punda haukunufaika, ukuta utanufaikaje?

Na hapa tujiangalie sisi. Ni nyumba ngapi zina Ayatul Kursiyyu sebuleni, kwenye fremu ya dhahabu, na mwenye nyumba hajui alfajiri inaingia saa ngapi? Aya inafutwa vumbi kila Ijumaa, lakini majirani wanadhulumiwa kila siku.

Bi Aisha (r.a) alipoulizwa kuhusu tabia ya Mtume (s.a.w), alijibu kwa kuielekeza kwenye Qur'an. Hakuonyesha ukuta, alionyesha mwenendo wa mtu. Mtoto wako akikuona hudanganyi, huibi, na unamheshimu mama yako, ameshasoma mbao za Musa bila kubandikiwa karatasi.

Allah atujaalie tuwe wabebaji wa maneno Yake kwa vitendo. Aamiin. Wallaahu a'lam.