Ndege kubwa zaagizwa, Isiolo yangoja njia

Kila zinapotangazwa oda mpya za ndege kubwa kule Dubai au Paris, swali letu huwa lilelile: sisi tutafaidi lini? Watu wa Isiolo wana haki ya kuuliza zaidi ya wengine, kwani mji wao una uwanja unaoitwa wa kimataifa. Nasi wa pwani linatuhusu, maana Isiolo na Lamu zimefungwa kamba moja tangu mradi wa LAPSSET uzinduliwe Machi 2012, mradi ulioahidi bandari Lamu na viwanja vya ndege Lamu, Isiolo na Turkana.

Uwanja wa Isiolo ulikarabatiwa kwa takriban shilingi bilioni 2.7 na kufunguliwa mwaka 2017. Jengo lake la abiria lilikusudiwa kuhudumia watu 125,000 kwa mwaka. Umekaa mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru, jambo ambalo limezua ubishi wake, lakini hesabu ya biashara ilikuwa wazi: miraa ya Meru iende Somalia, na nyama ya mbuzi, kondoo na ngamia wa kaskazini iende Ghuba. Tatizo ni njia ya kurukia. Ina urefu wa kilomita 1.4 tu.

Ndege ya mizigo aina ya Boeing 777F hubeba zaidi ya tani 100. Ikijaa mzigo na mafuta huhitaji karibu kilomita 3 ili kuruka, na hapo ni usawa wa bahari. Isiolo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na jua lake si la kuuliza. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto huipunguzia nguvu zaidi, kwa hiyo mbawa na injini hazipati msaada uleule zinaoupata Mombasa. Uwanja wa Moi, Mombasa, una njia ya mita 3,350. Malindi ina kama ile ya Isiolo, ndiyo maana Wamalindi nao wamesikia habari ya kurefushiwa uwanja mpaka wamechoka kuisikia.

Lakini urefu peke yake hautoshi, na mfano upo Eldoret. Uwanja ule ulifunguliwa miaka ya 1990 ukiwa na njia ya kilomita 3.5. Ndege kubwa za mizigo hutua pale na bidhaa kutoka Ghuba na Asia. Kuondoka ndiko kwenye kazi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 juu, hivyo ndege haiwezi kuruka ikiwa imejaa mzigo na mafuta kwa pamoja, na mazao ya kuijaza hayajakusanywa pale kwa wingi. Basi nyingi huruka tupu hadi Nairobi kupakia maua. Mkulima wa Uasin Gishu huiona ndege ikipita juu ya shamba lake, mzigo wake uko kwenye lori.

Sasa tuje kwenye ndege zenyewe. Tunazosema hapa ni zile pana, zenye njia mbili za kupita abiria ndani. Boeing 777X iliruka kwa mara ya kwanza Januari 2020, na wateja walikuwa wameahidiwa kuipata mwaka huohuo. Sasa kampuni inasema ya kwanza itakabidhiwa 2027. Toleo lake la mizigo, 777-8F, lililozinduliwa Januari 2022 kwa oda ya Qatar Airways ya ndege 34, litafuata baada ya hapo. Airbus nayo imesogeza A350F hadi nusu ya pili ya 2027. Na kuanzia 2028 kanuni za kimataifa za moshi wa kaboni zinazuia kuundwa kwa ndege za aina za zamani zisizotimiza kiwango, 777F ikiwemo. Kwa hiyo kuna pengo: ya zamani inakaribia mwisho, mpya haijafika. Wengine wanaliziba kwa kununua 777 za abiria zilizotumika na kuzigeuza za mizigo.

Foleni ya oda imejaa majina ya majirani zetu wa Ghuba. Emirates pekee imeagiza 777X 270. Katika Afrika Mashariki aliye mbele ni Ethiopian Airlines, ambayo imekuwa na 777F tangu 2012, na Machi 2024 ikaagiza 777-9 nane pamoja na nafasi ya kuongeza hadi 20. Tanzania ilipokea Boeing 767 ya mizigo Juni 2023, yenye uwezo wa tani 54. Uganda Airlines ina Airbus A330-800 mbili, za abiria.

Na Kenya? Kenya Airways ilianza kupokea 787 mwaka 2014, zikafika tisa, pamoja na 777-300ER tatu. Hasara ikaja: zaidi ya shilingi bilioni 25 katika mwaka mmoja wa hesabu. Mwaka 2016 zile 777 zikakodishwa kwa Waturuki, na 787 mbili zikaenda Oman Air. Huenda baadhi yetu tulipanda ndege ya Kenya kwenda Maskati bila kujua. Ndege zake maalumu za mizigo ni Boeing 737, zenye kubeba tani ishirini na kitu. Mwaka 2021, wakati wa korona, iling'oa viti vya 787 moja ili ibebe mizigo, hatua ya werevu, lakini ya dharura.

Kwa mfanyabiashara wa mbuzi wa Isiolo, maana yake ni hii. Nyama yake husafiri zaidi ndani ya tumbo la ndege za abiria zinazotoka Nairobi kwenda Dubai, Doha au Jeddah, chini ya miguu ya mahujaji na vijana waendao kazini. Nafasi ile hupangwa na wenye ndege, na ndege mpya zikichelewa nafasi haiongezeki, nayo bei ya kilo haishuki. Nyama mbichi haina subira ya maua, sembuse ya chuma.

Kwa maoni yangu, kudai leo kwamba 777 itatua Isiolo ni kuwadanganya wafugaji. Kinachowezekana mapema ni machinjio yenye cheti kinachokubalika Ghuba, chumba cha baridi pale uwanjani, na njia iliyorefushwa kiasi cha kutosha 737 ya mizigo, ndege ambayo Kenya tayari inayo. Tani ishirini za nyama kwa safari moja ni mzigo ambao Isiolo inaweza kuujaza. Tani mia, bado.

Kwa sasa lori lenye barafu linaondoka Isiolo usiku, linapanda Nanyuki, linateremka Thika, likikimbizana na saa ya ndege.