Picha ya Ubongo na Kifafa cha Mtoni: Kutoka Mahenge hadi Ituri

Katika vijiji vya Logo, teritwari ya Mahagi, kaskazini mwa mji wa Bunia, kuna watoto waliozaliwa wazima, wakatambaa na kutembea kama wenzao, kisha wakaanza kuanguka kifafa. Baadhi yao huanza kwa kutikisa kichwa, aghalabu wakati wa kula. Wengine hudumaa na akili zao hupungua mwaka hadi mwaka. Je, huu ni ugonjwa wa kunyauka kwa ubongo, na je, picha ya ubongo yaweza kuutambua? Swali hili lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo Afrika Mashariki.

Alois Alzheimer alipoeleza ugonjwa unaoitwa kwa jina lake, mwaka 1906, ilimbidi kwanza mgonjwa afe, ndipo ubongo wake utazamwe kwa darubini. Hali hiyo ilianza kubadilika tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipopiga picha ya ubongo wa mgonjwa aliye hai. Picha za nguvu ya sumaku zilifuata baada ya kazi ya Paul Lauterbur ya mwaka 1973. Tangu hapo waganga waliweza kuona ubongo unavyosinyaa, hususan hipokampasi, ambayo ina kazi kubwa katika kuunda kumbukumbu. Hata Kongo haikuachwa nyuma kabisa: mjini Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wamewapiga picha za sumaku wazee wanaoshukiwa kusahau kwa maradhi na kuwalinganisha na wazee wazima. Lakini Kinshasa ni mbali na Mahagi, na watoto wa Logo si wazee.

Kwa hiyo asili ya jambo hili itafutwe Mahenge, Tanzania. Huko ndiko Louise Jilek-Aall, daktari wa Kinorwe, alikowahudumia Wapogoro wenye kifafa, na mwaka 1965 akachapisha maelezo yao. Aliona watoto wanaotikisa kichwa. Wenyeji walikuwa na maneno yao tayari: walisema mtoto "amesinzia kichwa", usemi sahihi kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa baadaye maabarani. Waacholi wa Uganda nao huuita ugonjwa huo "luc luc". Inafaa kukumbukwa kwamba lugha ilikuwa imeutambua ugonjwa huu nusu karne kabla ya mashine kuutazama.

Mashine ilipofika, haikutoa jibu moja. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Mahenge. Baadhi yao walipigwa picha za sumaku, na wengi wa hao walionekana kuwa na kasoro katika hipokampasi. Mwaka 2013 zilitolewa picha za watoto 5 wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, nazo zikaonyesha kusinyaa kwa ubongo mkubwa na ubongo mdogo pia. Picha, basi, ilisema kwamba ubongo umepungua. Haikusema umepunguzwa na nini.

Ikabidi kurudi kwenye njia ya Alzheimer. Mwaka 2018 Michael Pollanen na wenzake walitazama ubongo wa vijana 5 wa Uganda waliokufa, wakakuta protini ya tau, ileile inayojikusanya katika maradhi ya wazee, wakauweka ugonjwa huu katika ukoo huo. Mwaka uliofuata kundi jingine, likiwemo la Robert Colebunders wa Antwerp, lilitazama bongo nyingine za Uganda na kuona kwamba kilichotawala ni uvimbe, si tau. Mabishano haya si ya wasomi tu. Ikiwa ubongo unanyauka kwa asili yake, mzazi hana la kufanya ila kusubiri; ikiwa unadhuriwa na kitu kutoka nje, kitu hicho chaweza kuzuiwa.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwenye ngozi. Katika bonde la Mbam, Kamerun, watoto walihesabiwa vijidudu vya usubi ngozini mwao mwaka 1991 na 1992. Walipofuatiliwa miaka ishirini na mitano baadaye, ilionekana kwamba kadiri vijidudu vilivyokuwa vingi ndivyo kifafa kilivyozidi. Usubi ni inzi mdogo mweusi anayezaliana penye maji yaendayo kasi, na vijidudu anavyovieneza ndivyo vinavyoleta upofu wa mtoni. Dawa yake, ivermectin, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987.

Huko Logo, dawa hiyo ilikuwa haijagawiwa kwa umma wakati Michel Mandro, daktari wa idara ya afya ya mkoa huko Bunia, alipofanya utafiti pamoja na wenzake wa Antwerp. Walitambua ugonjwa bila picha yoyote ya ubongo: waliuliza umri ulioanza kifafa, ambao kwa kawaida ni kati ya miaka 3 na 18, waliuliza kama mtoto alikua vizuri kabla ya hapo, walikata kipande kidogo cha ngozi na kukitia chini ya darubini. Picha ingewafaa kwa jambo moja hasa, nalo ni kubainisha viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, ambavyo huleta kifafa pia na huonekana wazi kwenye skana.

Kuanzia 2017 wagonjwa wa Logo waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa dawa ya kifafa. Kundi moja lilipewa ivermectin mara moja, jingine likangoja miezi 4. Tofauti iliyopatikana, ilipochapishwa mwaka 2020, ilikuwa ndogo. Lakini wale ambao ngozi zao zilibaki na vijidudu vichache ndio walioelekea zaidi kupitisha siku zao bila kuanguka.