Ruhusa ya kuuzisha pombe mu restora: karatasi gani, na ya nani?

Mu Haut-Katanga, mwenye restora anaweza kuwa na karatasi nyingi ukutani na bado akafungiwa mlango. Sababu moja ni kuchanganya mambo mawili. Takse ni franga yenye Leta inaomba. Ruhusa ni neno la Leta kwamba kazi fulani inaweza kufanyika, fasi fulani, na mutu fulani. Kulipa ya kwanza hakuleti ya pili.

Ilianzia wapi

Sheria za pombe mu Katanga ni za zamani kuliko muji wa Lubumbashi. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yaliwekea mipaka biashara ya pombe kali mu sehemu kubwa ya Afrika. Mapatano ya Saint-Germain ya tarehe 10 Septemba 1919 yakaongeza nguvu.

Elisabethville ilipoanzishwa mwaka 1910, wazungu walikaa katikati ya muji na weusi mu cité. Sheria ya pombe ikafuata rangi vilevile. Mzungu aliweza kuagiza whisky mezani, lakini mweusi alikatazwa pombe kali. Bia ndiyo aliruhusiwa, na kiwanda chenye kinatengeneza Simba kilianza mu miaka ya 1920. Makatazo hayo yalilegezwa mu miaka ya 1950. Kisha uhuru, ordonnance-loi namba 68/010 ya tarehe 6 Januari 1968 ikapanga upya kanuni za vinywaji vya kileo.

Leo nani anaomba nini

Chupa moja ya bia inagusa ofisi nyingi. Ushuru wa accises unalipwa na kiwanda ao mwenye kuingiza bidhaa, kupitia DGDA. Mwenye restora hapeleki franga hiyo yeye mwenyewe, imeshaingia mu bei ya kreti.

Takse za chini zinapangwa na ordonnance-loi namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Inaandika zipi ni za jimbo, na zipi ni za muji, komini, sekta ao sheferi. Takse yenye haimo mu orodha hiyo haipaswi kuombwa na jimbo wala komini. Upande wa jimbo, mkusanyaji ni DRHKAT.

Tena kuna karatasi za biashara yenyewe. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo iko mu OHADA, na duka ao restora kubwa inaandikishwa mu rejista ya biashara, RCCM. Mchuuzi mdogo yeye anachukua patanti. Usafi wa jikoni unaangaliwa na watu wa hygiène. Hakuna hata moja ya hizo yenye inasema: uzisha pombe.

Kasenga si sawa na Lubumbashi

Mu Lubumbashi, mutu anajua pa kuanzia: kuna meya, na kuna mabugumestre wa komini 7. Kasenga, pale ku Luapula, mambo ni mengine. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, teritware si kati ya serikali za chini zenye mfuko wake. Zenye ziko na mfuko ni muji, komini, sekta na sheferi. Msimamizi wa teritware anawakilisha Leta. Kwa hiyo, agent akifika kwa mama wa malewa na kusema "takse ya teritware", ulizo la haki ni hili: unakusanyia nani, jimbo ao sheferi?

Ng'ambo ya mto, upande wa Zambia, sheria ya mwaka 2011 inaweka kazi hiyo mu mikono ya baraza la wilaya: ndilo linatoa lisansi. Kenya, sheria ya mwaka 2010 ilikataza baa kuwa chini ya metre 300 na masomo. Kule, lisansi inauliza kwanza kama fasi inafaa. Hapa kwetu, ulizo la kwanza mutu analosikia mara nyingi ni "umelipa?"

Katikati ya muji inapotengenezwa upya

Hapa ndipo hasara inakuwa kubwa. Barabara ikipanuliwa, ao terasi zikibomolewa, ruhusa ya pombe hailindi meza zenye ziko inje ya parsele. Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, na kando ya barabara ni fasi ya watu wote. Kuweka viti pale kunaomba ruhusa ingine. Hata ruhusa ya kweli haishindi amri ya nchi nzima: mu Machi 2020, juu ya Covid-19, baa na restora zote zilifungwa mpaka tarehe 22 Julai.

Kabla ya kulipa

Omba jina la takse na namba ya sheria. Omba note de perception yenye jina lako, franga na kashe. Lipa ku banki ao fasi yenye imeandikwa juu yake, si mu mikono. Chunga karatasi ya malipo. Kisha uliza mara ya pili: ruhusa yenyewe iko wapi, nani ametia saini, na inaisha siku gani? Kama jibu ni "risiti inatosha", hiyo ni takse tu. Ruhusa bado.